Vifuniko viwili na kipande cha bomba: adapta ya nyumbani ya lenzi kuukuu kwa picha za makro

Majimoto, yule chungu mwekundu anayeshona majani ya mwembe kuwa kiota, hafiki sentimita moja. Ukimpiga kwa lenzi iliyokuja na kamera utapata picha nzuri ya mwembe yenye kidoa chekundu katikati. Lenzi ya makro ya dukani, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, itakuonyesha mpaka taya zake, ila mara nyingi bei yake inaipita bei ya kamera yenyewe. Hapa tunapita njia nyingine: lenzi kuukuu ya enzi za filamu, vifuniko viwili vya plastiki na kipande cha bomba la PVC kisichozidi upana wa kiganja.

Mfano wangu ni Helios 44-2 kwenye kamera ya Canon EOS yenye kioo ndani, kwa sababu ndiyo niliyoitengenezea mara nyingi na ndiyo inayosamehe makosa. Helios ni lenzi ya Kisovieti ya milimita 58, f/2 (namba ya f ni ya tundu la mwanga: namba ndogo, tundu kubwa), iliyokuwa ikija na kamera za Zenit, na muundo wake unatokana na Biotar ya Zeiss. Nyuma ina thredi ya M42, yaani kipenyo cha milimita 42, na kila mzunguko mmoja inasogea milimita 1. Praktica na Pentax za zamani zilitumia thredi hiyohiyo, kwa hiyo mwenye lenzi za kamera hizo afuate maelezo haya bila kubadili kitu.

Kwa nini msumeno unatosha

Kila kamera ina umbali wake maalumu kutoka mdomoni, pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye sensa, ile sahani ya ndani inayopokea picha. Canon EF, yaani mdomo wa EOS, ni milimita 44, Nikon F ni 46.5, Sony E ni 18. Lenzi ya M42 ilisanifiwa kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Anayetaka kupiga mlima kwa Helios juu ya Canon anatakiwa kuongeza milimita 1.46 tu, akizidisha hata kidogo, mlima unafifia. Hiyo ni kazi ya mashine, usiijaribu kwa mkono. Kwenye Nikon ndiyo haiwezekani kabisa bila kuweka kioo cha ziada, maana kamera yenyewe imeshapitiliza kwa milimita moja.

Makro haina masharti hayo. Lenzi ikisogezwa mbele, mbali na sensa, inaacha kuona mbali na kuanza kuona karibu. Hatuutaki mlima, kwa hiyo hatuna cha kupoteza. Ukikata bomba likazidi milimita mbili, mdudu wako ataongezeka ukubwa kidogo tu na hakuna atakayejua. Kinachotakiwa kuwa sahihi ni kimoja: pande mbili za bomba zilingane, lenzi isikae kiupande.

Hesabu nayo ni nyepesi. Chukua urefu ulioongeza, gawanya kwa milimita za lenzi. Ukiongeza milimita 29 kwa lenzi ya 58, unapata nusu: mdudu wa milimita 10 anachora milimita 5 kwenye sensa. Ukiongeza 58, unapata moja kwa moja, yaani mdudu anachora ukubwa wake halisi. Pete ya fokasi ya Helios ikizungushwa hadi mwisho inaongeza tena milimita kama 9 zake.

Kwa adapta ya kwanza nashauri jumla ya milimita 35. Itakupa ukuzaji wa takriban 0.6 hadi 0.7, unaotosha kipepeo, nyuki, vunjajungu na ua la mkarafuu. Adapta ya milimita 60, ambayo inafika moja kwa moja, itengeneze baadaye, ukishazoea. Wengi wanaanza na ndefu, wanaona giza na ukungu, wanaitupa.

Vya kutafuta

Kifuniko cha mdomo wa kamera, kile kinachowekwa lenzi inapotolewa. Nunua cha ziada, cha bei ya chini, usikate cha kwako. Kina masikio yaleyale ya lenzi, na hayo ndiyo tunayoyataka.

Kifuniko cha nyuma cha lenzi za M42, cha kuzungusha. Ndani yake kuna thredi ya kike ya milimita 42 iliyokwisha kuchongwa kiwandani. Watu wanahangaika kutafuta fundi wa kuwachongea thredi hiyo, nao wameifunika lenzi kwayo.

Kipande cha bomba la PVC la milimita 50. Fundi bomba yeyote ana vipande anavyovitupa, mwombe.

Gundi ya kuchanganya, Araldite au nyingine ya aina hiyo. Msasa, mbaya na laini. Msumeno wa chuma, tupa ya nusu duara, drili. Rangi nyeusi isiyong'aa, tepu nyeusi ya umeme, na kipande cha mahameli nyeusi kwa fundi cherehani.

Supaglu usiilete mezani. Mvuke wake unapokauka hutua kwenye vioo na kuacha utando mweupe. Nilifunga lenzi kwenye adapta niliyoigandisha kwa supaglu saa mbili kabla, na asubuhi kioo cha nyuma kilikuwa kama dirisha la jikoni. Kilisafishika, lakini nusu siku ilikwenda.

Hatua ya 1: Pima plastiki kwa maji

Weka vifuniko vyote viwili kwenye bakuli la maji. Kinachozama, gundi itakishika. Kinachoelea ni plastiki ya jamii ya ndoo na mifuko, na hiyo Araldite haiishiki: itaonekana imekauka vizuri, kisha siku moja lenzi itabaki mkononi na kamera shingoni. Kikielea, tafuta kingine, au panga tangu mwanzo kukifunga kwa skrubu ndogo tatu na nati zake.

Hatua ya 2: Toboa vifuniko

Cha kamera kitoboe tundu la milimita 40 hivi, katikati. Kama jirani yako ni fundi wa umeme, ana ule msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili kwa ajili ya kutobolea masanduku ya swichi. Dakika moja inatosha. Kama hakuna, chora duara kwa bikari, toboa vitundu vidogo vilivyopangana kwa ndani ya mstari, katiza kwa kisu, kisha sawazisha kwa tupa. Inachukua nusu saa na matokeo ni yaleyale. Usichome kwa waya wa moto: plastiki inapinda, na masikio yakipinda kifuniko hakishiki tena.

Cha lenzi kitoboe hivyohivyo, ukiacha ukingo mwembamba. Kuwa mwangalifu usiiguse thredi ya ndani kwa tupa.

Kisha paruza nyuso zitakazopakwa gundi kwa msasa mbaya hadi ziishe mng'ao. Maandishi ya kampuni yaliyochongwa juu ya kifuniko cha kamera yaondoe yote, uso uwe bapa.

Hatua ya 3: Kata bomba, na ulikate wima

Hapa ndipo kazi yote ilipo, usiende mbio.

Kwanza jua unakata urefu gani. Vifuniko navyo vina unene. Pima unene wa kifuniko cha kamera kutoka uso unaogusa kamera hadi uso wa nje, pima na ule wa sakafu ya kifuniko cha lenzi hadi pale lenzi inapokaa. Toa vyote viwili kwenye 35. Kilichobaki ndicho urefu wa bomba, na mara nyingi ni milimita 20 na kitu. Ongeza moja kwa ajili ya msasa.

Kuchora mstari ulionyooka kuzunguka bomba kwa macho hakuwezekani. Chukua ukanda wa karatasi yenye kingo zilizonyooka, uviringishe kwenye bomba zaidi ya mara moja, uvute ukaze. Ukingo ukikutana na ukingo kila mahali, karatasi imekaa wima, na ukingo wake ndio mstari wako. Chora kwa kalamu ya ncha laini. Wakati wa kukata usipitishe msumeno moja kwa moja hadi upande wa pili. Kata kidogo, zungusha bomba, kata tena, mpaka mikato ikutane.

Baada ya hapo tandika msasa juu ya kioo cha meza au kigae kilichonyooka, simamisha kipande juu yake, kisugue kwa kuzungusha kama herufi ya nane. Geuza, sugua upande wa pili. Pima urefu sehemu nne kwa rula ya chuma, au kwa kalipa kama unayo. Tofauti ikiwa chini ya nusu milimita, inatosha. Ikizidi, upande mmoja wa picha utakuwa wazi na mwingine umefifia, na utailaumu lenzi bure.

Hatua ya 4: Ua mng'ao

Bomba la PVC lina maovu mawili. La kwanza, ndani linang'aa, na mwanga unaoingia kwa pembe unapiga ukuta na kumwagika kwenye sensa; picha inakosa weusi, inakuwa kama imepigwa kwenye moshi. La pili wengi hawalitegemei: bomba jeupe au la kijivu hafifu linapitisha mwanga. Ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu ndani ya bomba, utaliona likiwaka kama kandili.

Kwa hiyo nje zungushia tepu nyeusi tabaka mbili. Ndani paruza kwa msasa, puliza rangi nyeusi isiyong'aa, acha siku nzima. Rangi peke yake bado inang'aa kwa mwanga wa kiupande, hivyo juu yake bandika mahameli, manyoya yakitazama ndani. Mahameli inameza mwanga kuliko rangi yoyote ninayoijua, ila ichague isiyopukutisha: pitisha selotepu juu yake mara kadhaa kabla ya kuibandika, uone inachotoa. Nyuzi zinazopukutika zitaishia kwenye sensa.

Kingo zitakazopakwa gundi zisiguswe na rangi.

Hatua ya 5: Gundisha

Futa nyuso zote kwa spiriti. Panga vitu vitatu bila gundi kwanza: kifuniko cha kamera chini kwenye kioo cha meza, bomba juu yake, kifuniko cha lenzi kileleni. Tazama kwa juu. Matundu mawili yawe na kitovu kimoja. Chora alama tatu za penseli zinazovuka maungio, ili ukirudisha upate mahali palepale.

Changanya gundi sehemu sawa kwa sawa. Paka kidogo, bandika upande wa kamera, subiri ishike, kisha upande wa lenzi. Weka kitabu kizito juu, hakikisha kitabu hakijalala kiupande. Gundi iliyotokea pembeni ifute kwa kijiti kabla haijakauka. Iliyoingia kwenye thredi ndiyo ya kuogopa. Iache saa 24 hata kama kopo linasema dakika tano. Ya dakika tano ni ya kushika, si ya kubeba lenzi ya gramu 230.

Ikishakauka, mimi hutoboa matundu matatu madogo na kuingiza skrubu za ukubwa wa zile za miwani kupitia ukingo wa kifuniko hadi kwenye bomba. Si lazima, lakini nalala vizuri.

Kisha osha. Maji ya uvuguvugu na sabuni, mswaki wa zamani, suuza, kausha kabisa. Unga wa PVC uliojificha kwenye mikwaruzo utatoka siku ya kwanza kioo cha kamera kikiruka, na hautatua mahali pengine isipokuwa kwenye sensa.

Hatua ya 6: Funga, ukijua upande wa kuzungusha

Vifuniko vya kamera kwa kawaida havina tundu la kile kipini kinachofunga lenzi. Adapta yako inashikwa na msuguano tu. Canon inafunga kwa kuzungusha kufuata saa ukiitazama kwa mbele, na thredi ya M42 pia. Kwa hiyo unapokaza lenzi unakaza vyote, lakini unapoifungua, adapta inaweza kutoka nayo. Nikon ni kinyume: kukaza lenzi kunalegeza adapta. Zoea kufunga lenzi kwenye adapta kwanza, mezani, ndipo vyote viingie kwenye kamera. Na unapozungusha pete ya fokasi, mkono wa pili ushike bomba.

Kwenye Canon namba ya tundu la mwanga itasoma 00. Hiyo ni sawa, kamera haiioni lenzi. Tumia M (kila kitu kwa mkono) au Av (kamera inachagua kasi ya shata). Nikon ndogo ndogo zitakubali M tu na hazitapima mwanga. Sony na nyingine zisizo na kioo zinataka uende kwenye menyu na kuruhusu kupiga bila lenzi; tena kwa Sony ongeza milimita 26 kwenye bomba, kwa sababu mdomo wake uko karibu zaidi na sensa.

Lenzi nyingine za M42 zina kipini kidogo nyuma ambacho kisipobonyezwa, tundu linabaki wazi daima. Tafuta swichi iliyoandikwa A na M, weka M. Helios 44-2 haina usumbufu huo. Ina pete mbili: moja unachagulia namba, nyingine inafungua na kufunga kwa mkono hadi namba hiyo. Kwa makro hakuna kilicho bora: weka 8, fungua hadi 2 uone vizuri, pata fokasi, funga bila kuondoa jicho, piga.

Jaribio la rula

Kabla ya kumwendea mdudu, piga picha ya rula. Sensa ya Canon za kawaida ina upana wa milimita 22.3. Picha ikionyesha milimita 38 za rula, ukuzaji wako ni 22.3 gawanya kwa 38, yaani karibu 0.6. Rula hiyohiyo itakuambia kama bomba limekaa kiupande: ilaze bapa, kamera iitazame wima, fungua f/2, linganisha mistari ya kushoto na ya kulia. Baada ya hapo ielekeze kamera kwenye kitambaa cheusi karibu na dirisha lenye jua. Ukiona katikati pana wingu jeupe, kuna mahali ndani bado panang'aa; rudi na mahameli.

Kumpiga majimoto sasa

Fokasi haipatikani kwa pete tena. Weka pete mahali pamoja, kisha sogea wewe, mwili mzima, mbele na nyuma kwa kiasi cha punje ya mchele. Kwenye ukuzaji wa moja kwa moja na f/8, unene wa sehemu iliyo wazi haufiki hata milimita moja. Jicho litakuwa safi na mguu wa nyuma umefifia, ndivyo ilivyo. Piga picha kumi, chagua moja. Kwa vitu visivyokimbia, mfano kutu, mbegu, sarafu, weka kamera kwenye meza na utumie skrini, ukiikuza mara 10.

Mwanga unapungua kadiri bomba linavyorefuka. Kwenye moja kwa moja, f/8 inafanya kazi kama f/16, ukipoteza hatua mbili, yaani inabaki robo ya mwanga. Usifunge hadi 16 ukidhani utapata zaidi. Kila kitu kitakuwa laini. Njia ya haraka ni flashi ya juu ya kamera kwenye nguvu ya 1/8, shata 1/160, na mbele yake karatasi nyeupe iliyokunjwa kama paa linaloinamia lenzi. Kwa adapta ya milimita 60 mdudu anakuwa sentimita nane hivi kutoka usoni mwa lenzi, kwa hiyo angalia kivuli chako. Na majimoto wana tabia ya kupanda mkono unaoegemea tawi. Vaa mikono mirefu.

Ukitaka kubwa zaidi: igeuze

Hii ni fupi. Chukua filta iliyovunjika ya milimita 49, ambayo ndiyo saizi ya mbele ya Helios 44-2, toa kioo, ibakie pete. Igundishe kwenye kifuniko kingine cha kamera kilichotobolewa, thredi ya kiume ikitazama nje. Sasa lenzi inaingia kinyumenyume, uso wake ukitazama kamera. Lenzi za milimita 28 zinafaa zaidi kwa mtindo huu, zinapita mara mbili ya ukubwa halisi, na hata zikikuza kiasi gani, mdudu hasogei karibu kuliko milimita 45 kutoka kwenye kitako cha lenzi. Pete ya filta iwe saizi ya lenzi hiyo.

Kioo cha nyuma kinabaki wazi kwa vumbi na vidole. Toboa kifuniko cha pili cha M42, kizungushe pale nyuma, kitakuwa kama kofia. Adapta za bomba nazo, andika urefu wa kila moja kwa kalamu nyeupe juu ya tepu: 35, 60, chochote. Zikifika tatu kwenye begi, zote nyeusi, hutazitambua gizani.